Pete Mbele ya Kamera: Kisa Kimoja cha Usaili wa Rezidensi Marekani

Mwombaji wa kisa hiki ni wa mfano. Nimemuunda kutokana na mambo yanayojirudia kila msimu wa usaili wa rezidensi (mafunzo ya ubingwa anayopitia daktari hospitalini akishahitimu) Marekani, ili nisimwanike mtu. Yuko mwaka wa mwisho wa masomo ya udaktari katika jimbo moja la kusini, na anaomba nafasi ya ubingwa wa magonjwa ya ndani, mafunzo ya miaka 3. Mchumba wake alimtangulia. Tayari ni rezidenti wa upasuaji Chicago, mwaka wa 2 kati ya 5. Pete imeshavishwa, tarehe ya harusi haijapangwa, na kwa muda mrefu sasa mapenzi yao yanaishi kwenye simu, kati ya zamu na zamu.

Ameitwa usaili na programu 11. Nne ziko Chicago. Saba zimetawanyika, na moja kati ya hizo saba, katika mji wa wastani ulio mbali na Chicago kwa safari ya siku nzima ya gari, imemvutia kuliko alivyotarajia. Swali lililomkosesha usingizi lilikuwa moja: huyu mchumba nimtaje au nimfiche?

Waliomtangulia walikuwa na jibu tayari. Mambo ya mapenzi usiyaguse. Wakikuuliza, wao ndio wamevunja sheria. Ni ushauri mfupi, unakaririka, na nusu yake ni kweli. Nusu iliyobaki ndiyo iliyomponza.

Mchumba anashushwa cheo

Usaili wa kwanza ulikuwa wa programu ya Chicago, kwa video, kama ulivyo usaili mwingi tangu janga la 2020. Kabla ya kuwasha kamera alivua pete akaitia kwenye droo.

Mkurugenzi wa programu alikuwa amesoma faili lake vizuri. "Umezaliwa kusini, umesoma kusini, na barua zako zote za mapendekezo zimetoka kusini. Kwa nini Chicago?"

Akajibu kwamba anapenda jiji kubwa lenye wagonjwa wa kila aina, na kwamba utafiti wa pale unamvutia. Jibu hilo lingeufaa mji wowote wenye hospitali. Mkurugenzi akamfungulia mlango kidogo: "Una watu wako huku?"

"Nina marafiki," akasema.

Mtu aliyekuvisha pete akageuzwa rafiki ndani ya sekunde mbili. Mchumba mwenyewe alipoambiwa jioni ile alicheka, lakini si sana.

Hapa ndipo ushauri wa wenzake ulipomtumbukiza. Walichomfundisha kilikuwa haki ya kunyamaza, yeye akaichukua kama amri. Swali la mkurugenzi halikuwa na ubaya. Alikuwa na faili la mtu wa kusini asiye na uhusiano wowote na Chicago, na alikuwa anatafuta sababu ya kuamini kwamba maombi yale hayakutumwa kwa kubahatisha. Sababu ilikuwepo, tena nzito. Hebu piga hesabu: mwombaji akianza rezidensi Julai, mchumba wake atakuwa anaanza mwaka wa 3 wa upasuaji. Yeye miaka 3, mwenzake miaka 3 iliyobaki. Mambo yakienda kama yalivyopangwa, wote wawili wanamaliza Juni ya mwaka mmoja. Sidhani kuna mkurugenzi wa Chicago ambaye angesikia hesabu hiyo asiiandike pembeni ya faili. Yeye aliificha kwa sababu aliambiwa ni siri.

"Basi tutakupoteza"

Wiki mbili baadaye ikafika zamu ya ile programu ya mbali aliyoipenda. Safari hii alisahau kuvua pete. Msaili wa pili alikuwa daktari mtu mzima, mchangamfu, mwenye sauti ya babu anayekaribisha wageni.

"Naona pete. Hongera sana. Umeolewa?"

"Bado, Daktari. Tuko wachumba."

"Naye yuko wapi?"

"Chicago. Ni rezidenti wa upasuaji."

"Aa." Akatazama karatasi zake. "Basi tutakupoteza."

Mwombaji akaanza kujieleza. Kwamba wamezoea kuishi mbalimbali. Kwamba huenda mchumba akahama. Kwamba yeye hapendi majiji makubwa, jambo ambalo wiki mbili nyuma alikuwa amesema kinyume chake. Kwamba harusi si lazima iwe karibuni. Alizungumza kama dakika mbili, na alipomaliza alikuwa ameahirisha harusi yake mbele ya mtu asiyemjua.

Kisa chote kimo katika mazungumzo haya, kwa hiyo nitakaa nayo.

Tuanze na sheria, kwa kuwa ndiyo inayosemwa vibaya zaidi. Si kweli kwamba sheria ya shirikisho inakataza waziwazi swali la "umeolewa?" Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964 inazuia ubaguzi kazini kwa misingi ya jinsia, na marekebisho ya 1978 yakaongeza ujauzito. Hali ya ndoa yenyewe haimo katika orodha ile. Baadhi ya majimbo, Illinois na California yakiwemo, yameiongeza katika sheria zao. Kinachotokea ni hiki: mwajiri akiwauliza wanawake kuhusu ndoa na watoto na asiwaulize wanaume, au akilitumia jibu kuwanyima nafasi, swali lile linaweza kugeuka ushahidi wa ubaguzi. Ndiyo maana wanasheria wa hospitali hulichukia.

Katazo lililo wazi zaidi liko kwenye kanuni za mfumo wenyewe. NRMP, chombo kinachogawa nafasi za rezidensi tangu 1952 kwa kulinganisha orodha ya upendeleo ya kila mwombaji na ya kila programu, kina kanuni za mawasiliano zinazowataka wakurugenzi wajiepushe na maswali ya umri, jinsia, dini, mwelekeo wa kimapenzi na hali ya familia. Kanuni hizo hizo zinakataza kumtaka mwombaji ataje programu nyingine alizoomba, au hata maeneo ziliko.

Sasa rudi kwenye mazungumzo. Watu wengi wakisoma kisa hiki hukasirikia swali la kwanza. Mimi naona la pili ndilo baya zaidi. "Umeolewa?" linaweza kuwa porojo za mzee aliyeona pete. Lakini "naye yuko wapi?" kwa mwombaji ambaye mchumba wake ni daktari ni njia ya uani ya kuuliza "umeomba wapi kwingine?" Mara alipotaja Chicago, msaili alishajua orodha yake inavyoelekea, na hilo ni jambo ambalo mfumo mzima umesukwa ili asilijue. Huenda hakukusudia. Watu wema huuliza maswali ya aina hii kwa sababu ni wema, na wanataka mgeni ajisikie nyumbani. Nia yake haibadilishi kitakachosemwa kwenye kikao cha programu cha kupanga orodha ya waombaji: "Binti mzuri sana, ila mchumba wake yuko Chicago." Sentensi moja tu, na inakaa kwenye vichwa vya watu kuliko alama za mtihani.

Na kuna lile la jinsia. Sisi tunaozungumza Kiswahili lugha yetu inatuumbua hapa: mmoja anaoa, mwingine anaolewa, na kitenzi kinamwambia kila mtu nani anadhaniwa atamfuata nani. Kiingereza hakina mtego huo kwenye kitenzi, lakini dhana iko palepale. Mwanamume aliyevaa pete, mwenye mke Chicago, huulizwa mke atapenda mji huu au la. Mwanamke aliyevaa pete huambiwa "tutakupoteza." Sina takwimu ya kuthibitisha hilo, ni jambo ambalo ukilisikiliza unalisikia.

Hofu iliyo tupu na hofu iliyo halali

"Tutakupoteza" lina maana mbili, na mwombaji alizijibu zote kwa pamoja, ndiyo maana hakujibu hata moja.

Maana ya kwanza: hutakuja. Tukimweka juu kwenye orodha yetu, atakwenda Chicago na tutakuwa tumepoteza bure. Hofu hii husikika sana, nayo katika mfumo wa NRMP ni tupu kabisa. Ili kuona sababu, fikiria posa. David Gale na Lloyd Shapley walipoandika hesabu ya aina hii mwaka 1962 walitumia mfano huohuo wa ndoa. Mwombaji anapeleka posa kwa programu anayoipenda kuliko zote. Programu haisemi ndiyo ya mwisho, inamshikilia. Akitokea mwingine inayempendelea zaidi na nafasi zimejaa, inamwachia yule wa chini, naye anapeleka posa kwa programu inayofuata kwenye orodha yake. Inaendelea hivyo hadi posa zote zitulie. Tangu 1998, baada ya Alvin Roth na Elliott Peranson kuusanifu upya mfumo, mwombaji ndiye mposaji. Roth na Shapley walitunukiwa Nobel ya uchumi mwaka 2012.

Matokeo yake kwa ile programu ya mbali ni rahisi. Wakimweka mwombaji wetu nambari 2 na yeye akashikwa na Chicago, hakuna nafasi iliyopotea. Jina lake linarukwa, aliye chini yake anapanda. Wakimshusha hadi nambari 30 kwa kudhani hatakuja, wanachofanya ni kujinyima mtu wanayemtaka endapo Chicago zote zitamkosa. Kinachoumia wanapomweka juu ni majivuno tu, kwa kuwa kuna wakurugenzi wanaopenda kujisifu kwamba mwaka huu hawakushuka mbali kwenye orodha yao. Hofu hii ingekuwa na mantiki kabla ya kumwita, maana siku za usaili ni chache. Akishakaa mbele ya kamera, siku hiyo imekwisha kutumika.

Maana ya pili: utakuja, halafu utaondoka. Hii ni halali. Rezidenti anayeondoka baada ya mwaka wa kwanza anaacha pengo lisilojazwa kirahisi. Wenzake wanagawana zamu zake, na saa za kazi tayari ni hadi 80 kwa wiki kwa wastani wa wiki nne. Mkurugenzi aliyewahi kupitia hilo halisahau. Mtu mwenye mchumba mbali, mpweke katika mji asioujua, Februari, baada ya zamu ya usiku, anaweza kweli kuanza kutafuta nafasi ya kuhamia.

Kwa hiyo hofu ya kuondoka ndiyo ya kujibiwa, nayo hujibiwa bila kumtaja mchumba yuko wapi. Kwa "umeolewa?" ningemshauri aseme hivi, kwa tabasamu: "Nina mchumba, naye ni daktari, kwa hiyo nyumbani hakuna anayehitaji kuelezwa rezidensi ni kitu gani." Akisukumwa kwa "yuko wapi?": "Hayo ya nani atakuwa wapi bado tunayapanga, Daktari. Ninachoweza kusema ni kwamba sikuomba mahali ambapo sina nia ya kumaliza miaka yangu mitatu." Kisha moja kwa moja kwenye kilichomvuta pale, kitu mahususi, ambacho ni msaili tu wa programu ile anayeweza kukitambua. Sekunde ishirini, hakuna uongo, na harusi inabaki mahali pake.

Kuna sharti moja: liwe kweli. Kama hana nia ya kumaliza pale, asiseme hivyo, na zaidi ya yote programu ile asiiweke kwenye orodha, kwa sababu matokeo ya NRMP yanafunga pande zote mbili. Ukipangiwa, umepangiwa.

Wapo wanaoshauri amjibu msaili kwamba swali lile haliruhusiwi. Ana haki hiyo. Lakini anayeulizwa ana nusu saa, na anayeuliza ana kalamu. Mimi ningemshauri alijibu lililo nyuma ya swali, aandike tarehe, jina la msaili na maneno yenyewe mara anapozima kamera, kisha alipeleke jambo kwa ofisi ya wanafunzi ya shule yake. NRMP hupokea taarifa za ukiukaji. Anayeogopa kulipeleka katikati ya msimu simlaumu.

Je, angesema tu "sina mchumba"? Hapana, na sababu si ya maadili pekee. Makubaliano ya NRMP yanamtaka mwombaji naye atoe taarifa za kweli. Tena ulimwengu wa madaktari ni mdogo kuliko unavyoonekana; rezidenti wa upasuaji Chicago alisoma na mtu, na mtu huyo yuko mahali fulani, labda kwenye programu ile ile ya mbali.

Jioni na marezidenti

Hili nitalipitia upesi. Jioni kabla ya usaili mwingine kulikuwa na kikao cha video na marezidenti, bila wakuu. Mmoja alikuwa amempakata mtoto. Akamuuliza mwombaji wetu kama naye ana watoto, halafu bila kungoja jibu akaanza kusimulia likizo yake ya uzazi. Mwombaji alishtuka, akajibu kwa mkato, akazima kipaza sauti.

Nadhani alikosea kushtuka, japo namwelewa. Ni kweli kwamba vikao hivi si vya siri. Programu nyingi huwauliza marezidenti wao maoni kabla ya kupanga orodha, na wengine huketi kwenye kikao chenyewe. Anayeingia pale akidhani yuko barazani na mashoga zake atajuta. Lakini pale pale ndipo penye taarifa ambazo mkurugenzi hatakupa. Tangu Julai 2022, ACGME, chombo kinachosimamia mafunzo haya, kinataka kila rezidenti apate angalau mara moja wiki 6 za likizo ya uzazi, ugonjwa au kuuguza, kwa mshahara kamili. Hiyo ni karatasi. Rezidenti aliyempakata mtoto ndiye anayejua nani alibeba zamu zake na kama walinung'unika. Mwombaji angeweza kuuliza kwa jumla, "watu wenye familia hapa wanaendeleaje?" na asifichue lolote lake.

Mara ya mwisho, pete ikiwa kidoleni

Usaili wake wa kumi ulikuwa wa programu nyingine ya Chicago, mwezi Januari. Hakuvua pete. Alipoulizwa kwa nini Chicago, alisema hivi:

"Kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kliniki yenu ya wagonjwa wa moyo, nitaifikia. Ya pili ni ya nyumbani: mchumba wangu ni rezidenti wa upasuaji hapa mjini, na nikianza Julai tutamaliza mwaka mmoja. Kwa hiyo nikipangiwa huku nitakuwa nimefika."

Mkurugenzi akatabasamu, akaandika kitu, akauliza kuhusu kliniki. Jambo likaishia hapo. Hakuulizwa harusi lini wala kama wanapanga watoto. Aliyemtaja mchumba kwa sentensi moja, kwa hiari yake, na kwa sababu inayohusu kazi, ndiye aliyeamua mazungumzo yatafika wapi. Kwenye programu ya mbali alichokolewa kidogo kidogo, jibu moja likizaa swali jingine.

Tofauti ya usaili huu na ule wa mbali haikuwa ujasiri. Taarifa ni ileile, mchumba ni yuleyule. Chicago ni mtaji, mbali ni mzigo. Ndiyo maana ushauri wa "taja" na ushauri wa "usitaje" yote miwili inashindwa: kila mmoja unadhani mchumba ana bei moja kila mahali. Anayeomba miji mingi anapaswa kukaa chini kabla ya msimu, achukue orodha yake, na mbele ya kila programu ajiulize kama mwenzi wake anamsogeza karibu na mji ule au anamvuta mbali nao. Mwombaji wetu alifanya hivyo baada ya usaili tisa.

Kama mchumba naye angekuwa anaomba mwaka huohuo, kisa kingekuwa kingine. Tangu 1984 NRMP inaruhusu watu wawili kufunga orodha zao pamoja, jozi kwa jozi: wewe programu hii na mimi ile. Si lazima wawe wameoana, hata hawaulizwi. Hapo kunyamaza kunagharimu, kwa sababu programu ya magonjwa ya ndani inayokutaka inaweza kupiga simu jengo la jirani kwa wenzao wa upasuaji na kusema "mtazameni na mwenzake", na haitapiga kama haijui yupo. Anayeomba kwa jozi aseme mapema. Hata hivyo kusema kwamba unaomba na mwenzi si sawa na kutaja mwenzi kaitwa usaili wapi. Hilo la pili bado si haki yao kulidai. Jozi pia zimewasumbua wanahisabati. Roth alionyesha mwaka huohuo wa 1984 kwamba wawili wakiingia kwa pamoja, inawezekana usiwepo mpangilio wowote utakaotuliza posa zote. Kwa waombaji wa kawaida upo siku zote.

Neno kwa wasomaji waliosomea udaktari nje ya Marekani, maana najua mpo. Programu ina haki ya kujua kama unahitaji viza na ya aina gani. Haina haja ya kujua, siku ya usaili, kama utakuja na mwenzi. Mwenzi wa ndoa wa daktari mwenye J-1, viza ya wageni wa mafunzo, huingia kwa J-2, viza ya familia yake, na karatasi hizo hushughulikiwa baada ya kupangiwa. Kwa J-2 mnatambulika mkiwa na cheti cha ndoa. Uchumba hautoshi, na kuna watu huligundua hilo Mei, wiki chache kabla ya kuripoti kazini.

Barua na orodha

Februari mwombaji alikuwa na mambo mawili mezani. La kwanza, ile programu ya Chicago alikomshusha mchumba cheo. Je, bado inarekebishika? Inarekebishika. Mwombaji anaruhusiwa kuiambia programu anavyoipenda. Kinachokatazwa ni programu kumshinikiza aseme, au kumtaka ajibu. Aliandika barua pepe fupi:

"Nashukuru kwa muda wenu. Mliponiuliza kuhusu uhusiano wangu na Chicago nilijibu kwa ufupi mno. Mchumba wangu ni rezidenti wa upasuaji mjini humo, na tukijaliwa tutamaliza mafunzo mwaka mmoja. Nimeona niliseme, kwa kuwa ni sehemu ya sababu yangu ya kuomba kwenu."

Rasimu ya kwanza ilikuwa na sentensi ya tano: "Ninyi ndio nambari moja yangu." Akaifuta. Ilikuwa kweli Jumanne. Kufikia Alhamisi ile programu nyingine ya Chicago ilikuwa imepanda juu. Maneno hayo huambiwa programu moja tu, na huambiwa ukishaamua.

La pili lilikuwa orodha yenyewe. Programu nne za Chicago, na mojawapo hakuipenda hata kidogo. Marezidenti wake walionekana wamechoka hata kwenye video. Kisha ile ya mbali, ya mzee wa "tutakupoteza", ambayo pamoja na yote bado aliiona ndiyo yenye mafunzo bora. Waliongea naye mchumba usiku mmoja hadi saa saba. Mchumba akamkumbusha kitu ambacho yeye alikuwa hajakipa uzito: marezidenti wengi wa upasuaji hukatiza mafunzo kwa mwaka mmoja au miwili ya utafiti, na mwaka huo wakati mwingine hufanyiwa mji mwingine. Hakuahidi. Alisema ataulizia. Ile hesabu nzuri ya kumaliza pamoja Juni ya mwaka mmoja ikalegea kidogo, na Chicago ikashuka bei kidogo.

Kuhusu orodha sikuwa na la kumshauri ila lile ambalo hesabu za mposaji zinathibitisha: panga unavyopenda kweli, usipange kwa kukisia nani anakupenda. Kuweka juu programu unayohisi haitakuchukua hakukupunguzii nafasi kwa zile zilizo chini. Na orodha hiyo programu hazitaiona. Mzee wa "tutakupoteza" hatajua aliwekwa wapi.

Aliweka Chicago mbili juu, ile ya Januari kwanza. Ya tatu akaweka programu ya mbali. Ile ya Chicago iliyosalia akaiweka ya nne. Chicago ya marezidenti waliochoka hakuiweka kabisa, na mchumba alipoona hilo kwenye skrini alinyamaza kidogo, kisha akasema sawa. Akaithibitisha orodha saa nne usiku, siku mbili kabla ya dirisha kufungwa.